Tuta Mbele, Mama

Jumanne, 4 Machi

Masika yameanza leo, na yameanza kwa kuniaibisha. Nilikuwa nampeleka mama mkwe kliniki ya macho, mimi mbele, yeye nyuma, makoti ya mvua yametujaa upepo kama magunia mawili. Tulipokaribia tuta la kwenye ghala la mbao nikapaza sauti, "Mama, tuta!" Hakusikia. Pikipiki iliruka, yeye akaruka zaidi, helmeti yake ikanigonga kisogoni, na alipotua kwenye kiti alikuwa ameng'ata ulimi. Nilisimama. Akatema damu kidogo kwenye leso, akaikunja mara nne kama kitambaa cha mezani, akasema, "Twende, tutachelewa."

Ana presha ya macho. Daktari anataka amwone kila Jumanne mpaka itulie. Mwaka jana aliyaona matuta kabla yangu. Sasa anayajua yakishamfikia kiunoni. Nikimuuliza anasema anaona vizuri, ni mvua tu.

Nyumbani ni sisi wawili. Mume wangu yuko kambi ya ujenzi wa barabara, hurudi kila baada ya miezi mitatu. Mimi nasoma mita za maji, ndiyo maana mtaani wananiita Mama Mita. Yeye anashona sare za shule na mashati. Mwaka wa sita huu tunaishi kwa adabu kubwa. Umeamkaje, salama, chumvi iko wapi, pale pale. Hatujawahi kugombana, na hatujawahi kuongea.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Mita kumi na nane zimezama. Mama anakunywa uji kwa kijiko cha chai. Nilimpa pole, akajibu, "Ulimi hauna mfupa, utaunga."

Ijumaa, 7 Machi

Fundi bomba wa ofisini amenionyesha kifaa kwenye helmeti yake, kidogo kama kiberiti. Intakomu. Mwenzie anacho pia, basi wanaongea njia nzima bila kupiga kelele. "Zamani mimi na mke wangu tulikuwa tunasubiri tufike ndiyo tugombane," alisema. "Sasa tunafika tumeshapatana."

Jumamosi, 8 Machi

Duka la helmeti ni jembamba kama kabati. Mwenye duka, ambaye kila mtu anamwita Fundi Helmeti, alinitolea aina tatu. Ya kwanza ina waya unaounganisha helmeti mbili. Ni rahisi, lakini abiria akisahau na kushuka, mnavutana kama mbuzi na mwenye mbuzi. Ya pili ina redio, ina muziki, na inaweza kuunganisha waendeshaji kumi na watano. Nikamwambia mimi nina mtu mmoja tu wa kuongea naye, na huyo mwenyewe haongei. Ya tatu ni mbili kwenye boksi moja, haziingii maji, hazina mapambo, na kila moja ina kitufe kimoja kikubwa unachoweza kukipapasa hata ukiwa na glavu.

"Anayekaa nyuma ni nani?" aliuliza.

"Mama mkwe."

Akafikiri. "Chukua hii. Kitufe cha kuzimia ni kikubwa."

Nikachukua hiyo hiyo, ila si kwa sababu yake. Nilifikiria vidole vya mtu anayetafuta kitu asichokiona.

Jumapili, 9 Machi

Nilitandika gazeti mezani nikajaribu kufunga mwenyewe. Helmeti yangu ni ya kufunika uso mzima, kwa hiyo maiki yake ni ndogo, inabandikwa mbele ya kidevu. Ya Mama iko wazi usoni, maiki yake ina mkono unaopinda hadi mdomoni. Hapo sikupata shida. Shida ni spika. Ni bapa kama biskuti, na inatakiwa iangalie tundu la sikio. Ndani ya helmeti ya Mama hakuna nafasi, ni sponji na kitambaa kilichoshonwa chote. Nikaibandika juu ya kitambaa.

Mama alivaa, nikaenda chumbani nikasema, "Haloo."

"Nasikia nyuki," alijibu kutoka sebuleni.

Nikasogeza. "Sasa je?"

"Nyuki amehamia shingoni."

Jumatatu, 10 Machi

Bado nyuki.

Jumanne, 11 Machi

Tulienda hivyo hivyo. Taratibu nilisikika, nikiongeza mwendo upepo unakula maneno yote. Tuliporudi kutoka kliniki nikapitia dukani. Fundi alitazama kazi yangu kwa huruma. Kwanza sikuvisha maiki ile sponji ndogo ya kuzuia upepo, nilidhani ni ya kufungia mzigo. Pili, "Spika umeiweka kwenye taya, dada. Taya halina sikio." Akasema dawa yake ni kufumua kitambaa na kuizamisha spika ndani, lakini yeye na sindano hawajuani.

Mama alikuwa kwenye kigoda mlangoni. Akanyoosha mikono. "Leteni hapa."

Kwanza aliivaa helmeti, akatia kidole ndani mpaka kikagusa tundu la sikio, akaivua huku kidole kikiwa pale pale, akapiga alama kwa chaki aliyoitoa mfukoni. "Sikio kwanza, mfuko baadaye," alisema, kana kwamba ni jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angelijua. Akatoa wembe wake wa kufumulia. Uso wake ulikuwa umeelekea barabarani, mvua ikinyesha, na vidole peke yake ndivyo vilivyokuwa kazini: vinahesabu mishono, vinakata mmoja, vinaruka mitatu, vinakata mwingine. Kitambaa kikafunguka bila kuchanika hata uzi. Fundi aliacha kumhudumia mteja akaja kuangalia.

Kisha Mama akanipa sindano. "Nitungie. Hii ina tundu la kichoyo."

Nikatunga. Tundu halikuwa la kichoyo. Nilitunga mara ya kwanza tu.

Alishona mifuko miwili, spika zikakaa ndani kama zimezaliwa humo. Nikavaa yangu, nikaenda mpaka ng'ambo ya barabara, nikanong'ona, "Mama, unanisikia?"

"Usipige kelele, mwanangu. Uko ndani ya kichwa changu."

Jumanne, 18 Machi

Safari ya kwanza ya kliniki yenye sauti. "Tuta mbele, Mama." "Nimelipata." "Dimbwi, shika." "Nimeshika." "Kona ya kushoto." Anajipinda nami, na pikipiki imekuwa nyepesi kama ina mtu mmoja.

Karibu na sokoni akauliza, "Na hapo kulia kuna nini siku hizi?" Nikamwambia: wanapaka jengo rangi ya kijani, na mpakaji amesahau dirisha moja. Akacheka. Sijui kama nimewahi kumsikia akicheka. Nyumbani hutabasamu akiinamia cherehani. Tulipofika nilikuwa nimeshajua kwamba mume wangu utotoni alikuwa akiwakimbia kuku, na kwamba kabla ya baba yake kuna fundi saa aliyeleta posa, akakataliwa kwa sababu alichelewa siku ya kujitambulisha.

Miaka sita nimekula naye meza moja. Ilibidi nimpe mgongo ndiyo aseme.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua. Nilimpeleka kununua vifungo. Tulizunguka njia ndefu. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Jumanne, 25 Machi

Nimechelewa kuandika hii kwa sababu sijui niiandikeje.

Baada ya kliniki nilimwacha kwenye benchi la barazani, nikavuka uwanja kufuata dawa ya matone. Mvua ilikuwa inamwagika, kwa hiyo nilivaa helmeti. Yeye pia alikuwa amevaa yake. Anasema inampa joto masikioni. Nikasikia mlio mmoja, ti. Alikuwa amebonyeza kitufe ili azime. Lakini kile kitufe ukikibonyeza mara moja kinapunguza sauti tu. Kukizima ni mpaka ukishikilie. Sikuwa nimemwambia.

Nilikuwa kwenye foleni ya dirisha la dawa aliponijia sikioni, taratibu, kama mtu anayeongea na wa chumba cha pili.

"Mzee, nimewaweza tena leo. Ubao wao ni ule ule. Wanasoma watatu kabla yangu, mimi nasikiliza, ikifika zamu yangu nasoma kama wao. Herufi yenyewe siioni. La kulia limeshakwenda, Mzee. Hili la kushoto nachungulia kama kwenye tundu la ufunguo."

Mzee ni marehemu mume wake. Alifariki kabla sijaolewa.

"Wakijua watanipeleka kwa binti yako, ghorofa ya nne, nikae kwenye kiti ningoje chai. Na huyu mke wa mwanao ana kazi zake. Hakuolewa aje aongoze kipofu."

Aliye nyuma yangu akanisukuma, "Dada, zamu yako." Nikachukua matone. Nilipofika kwenye benchi Mama alinitazama, au alitazama upande nilikotokea, akasema, "Umelowa?"

"Kidogo," nikasema.

Alhamisi, 27 Machi

Mita ishirini na mbili. Mbwa mmoja. Sikumwambia Mama jambo lolote.

Jumanne, 1 Aprili

Daktari amepima. Presha imepanda. Alitazama karatasi, akamtazama Mama. "Ajabu, presha juu, lakini ubaoni unasoma kama kijana. Basi tuendelee na matone." Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha pembeni, mikono mapajani. Mdomo wangu ulikuwa umejaa maneno, nikayameza.

Kisha nikafanya jambo baya zaidi. Kituo cha mafuta nilishuka kujaza, yeye akashuka akasimama kivulini. Mlio ukalia, ti. Nilijua hajazima, naye alidhani amezima. Ningeweza kumwambia pale pale. Nilisogea nyuma ya pampu nikasikiliza. Alimwambia Mzee kwamba ana mashati thelathini ya kwaya na kwamba mstari wa kola hauoni, anaufuata kwa ukucha. Alimwambia pia kwamba mimi nina sauti nzuri, ambayo sikuwahi kuitumia nyumbani.

Nimeiba. Hakuna neno jingine.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Nikisema, atajua nilisikiliza. Nikinyamaza, jicho linakwenda. Nimepiga hesabu hiyo kwenye kila mita niliyoifungua leo, na jibu ni lile lile, ila sina ujasiri wa kulisoma.

Jumanne, 8 Aprili

Nilikusudia kumwambia nyumbani, uso kwa uso, kwenye chai. Chai ikaisha. Nikasema nitamwambia mlangoni. Tukatoka mlangoni. Mwishowe nikasema barabarani, kwa sababu huko ndiko tulikojifunza kuongea.

"Mama, kile kitufe hakizimi ukibonyeza mara moja."

Nilimsikia akipumua.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Lakini mimi nimekusikia Jumanne mbili."

"Umesikia nini?"

"Ubao. Tundu la ufunguo. Ghorofa ya nne." Nikajilazimisha nimalize. "Na kola za mashati."

"Simamisha."

Nilisimama chini ya paa la duka lililofungwa. Alishuka, akavua helmeti, akaiweka kwenye kiti kwa uangalifu kama anarudisha kitu cha watu, akaanza kutembea kwenye mvua, mkono wa kushoto ukipapasa ukuta. Nilimwita. Hakugeuka. Ukuta ukaisha, yeye akaendelea, na mbele yake, upande wa kulia, kulikuwa na mtaro wazi, maji ya rangi ya matope yanakwenda kwa kasi na kubeba matawi. Alikuwa anauelekea moja kwa moja, kwa hatua za mtu aliyekasirika, ambazo ni hatua kubwa.

Niliiangusha pikipiki. Sikumbuki kuiangusha, niliikuta chini baadaye. Nilimdaka koti mguu wake mmoja ukiwa umeshakanyaga ukingo, na udongo ukamomonyoka mbele ya kiatu chake.

"Niache!"

"Mtaro, Mama."

Akasimama. Akageuza kichwa upande wa maji, akakigeuza tena zaidi, akiutafuta mtaro kwa lile jicho la kushoto.

"Una kina gani?"

"Unanifika kifuani."

Tulirudi chini ya paa. Maji yalikuwa yanamtiririka usoni na hakuyafuta.

"Umenisikiliza kama redio," alisema.

"Ndiyo."

"Maneno ya mtu na mume wake."

"Ndiyo, Mama. Nimekuibia. Nisamehe."

"Na ukakaa kimya mbele ya daktari."

"Nilikaa kimya. Wewe ulikuwa unamdanganya, na mimi nilikuwa nakusaidia."

Gari likapita, likaturushia maji, hakuna aliyesogea.

"Mimi nadanganya macho yangu mwenyewe," alisema. "Ni yangu."

"Ni yako. Lakini ungetumbukia, mimi ndiye ningekutoa. Kwa hiyo kidogo ni yangu."

Akasema, "Twende nyumbani," na kliniki hatukwenda. Alivaa helmeti baada ya kuniambia niizime. Njia nzima, kabla ya kila tuta, nilirudisha mkono nyuma nikamgusa goti. Mara ya kwanza alilivuta. Mara ya pili aliliacha.

Jumatano, 9 Aprili

Umeamkaje. Salama. Chumvi iko wapi. Pale pale.

Ijumaa, 11 Aprili

Mume wangu alipiga simu. Anasema dada yake amesikia Mama anasumbuliwa na macho, ametayarisha chumba. Akaniuliza mimi naonaje. Nikamwambia, "Mama yako ana mdomo wake, muulize mwenyewe," nikampelekea simu kwenye cherehani. Alisikiliza, akasema, "Mwanangu, nina mashati thelathini," akanirudishia simu. Kisha akanipa sindano, bila kunitazama, nimtungie.

Jumapili, 13 Aprili

Nimetunga sindano kumi, nikazichomeka kwenye mto wake kwa safu, kila moja na uzi wake. Jioni zilibaki mbili.

Jumanne, 15 Aprili

Nilipotoka nje alikuwa amesimama kando ya pikipiki, helmeti kichwani.

"Nifundishe kuzima."

Nikamshika kidole, nikakiweka kwenye kitufe. "Shikilia. Hesabu moja, mbili, tatu. Ukisikia milio miwili, imezimika." Alifanya. Ti ti. Akawasha. Akazima tena. Alirudia mara nne, kila mara akiniuliza, "Nimesema nini?" nami najibu, "Sijasikia." Mara ya nne nikaona midomo yake inatembea muda mrefu. Sijui alisema nini na sitajua.

Akawasha. "Sasa iache wazi," akasema.

Kliniki, muuguzi alimwita mbele ya ubao. Mama hakufungua mdomo kusoma. Alisema, "Geuza ubao, mwanangu. Huu naujua kwa moyo."

Muuguzi akacheka. Kisha akaacha kucheka, akaenda ndani akaleta mwingine. Kwenye ule mpya Mama alisoma herufi moja, ile kubwa ya juu, kwa jicho la kushoto. Kwa la kulia aliuliza ubao uko wapi.

Wakampeleka kwenye mashine ya kuweka kidevu na kutazama nukta za mwanga. Daktari alirudi na karatasi mbili zenye duara, nyingi nyeusi. Hakugomba. Alivuta kiti akakaa karibu naye. "Mama, kilichokwisha kupotea hakirudi. Tufanye upasuaji mapema, tulinde kilichobaki. Ungesoma ule ubao mwezi mmoja zaidi, nisingekuwa na cha kulinda."

"Nitatunga sindano?"

"Sikuahidi. Utauona mlango, utauona uso wa mtu, na mtaro."

Mama akageuka upande wangu. Sikuwa nimemwambia daktari habari ya mtaro. Alikuwa amemwambia yeye mwenyewe, kule ndani.

Wakati wa kurudi tulifika ghala la mbao. Nikasema, "Tuta mbele, Mama." Akasema, "Nimelipata." Kisha nikasema nililokuwa nimelitafutia maneno wiki nzima: "Kwangu mimi hakuna ghorofa ya nne. Kuna chini tu, na ni kwako."

"Ni kwangu, naam," alisema. "Ndiyo maana najua paa linavuja."

Jumanne, 22 Aprili

Vipimo vya kabla ya upasuaji. Amemaliza mashati thelathini. Nilikagua kola zote kwa siri. Zimenyooka. Halafu nikamwambia kwamba nilikagua, kwa sababu siri nimezichoka.

"Najua," alisema. "Umeyakunja vibaya."

Jumanne, 29 Aprili

Amefanyiwa. Alikaa ndani muda mfupi kuliko nilivyodhani. Jicho limefunikwa, mdomo haukufunikwa: amemwambia daktari koti lake limeshonwa bega moja juu. Ameambiwa asiiname, asibebe kitu, asipande pikipiki wiki sita. Tumerudi kwa teksi. Mvua imenyesha njia nzima na dereva alikuwa mtu wa kunyamaza. Mama akaninong'oneza, "Huyu anahitaji kifaa."

Jumanne, 6 Mei

Presha imeshuka. Mume wangu amekuja kwa siku nne. Ametukuta tunaongea jikoni, akasimama mlangoni kama aliyekosea nyumba.

Jumanne, 13 Mei

Teksi. Presha iko chini. Manyunyu tu.

Jumatatu, 19 Mei

Amesema ameniona. Nilikuwa nimesimama dirishani na ndoo. "Umekonda," akasema. Nikamuuliza tangu lini. "Sijui. Muda mrefu sikukuangalia, na kuna wakati nilikuwa naweza."

Jumanne, 27 Mei

Leo jua limewaka mpaka makoti ya mvua yamekauka kwenye kamba.

Asubuhi nimewasha pikipiki, nimefika getini, nikasikia sikioni, "Umesahau daftari la mita." Nikageuka. Mama alikuwa barazani kwenye kigoda chake, kitambaa cha kushona magotini, helmeti kichwani. Jirani alikuwa amesimama na ndoo anamshangaa.

"Mama, pikipiki hujapanda, hiyo ya nini?"

"Daktari amenikataza pikipiki. Helmeti hakunikataza."

Nikarudi nikachukua daftari. Tukaongea nikiwa naondoka, habari za vifungo, habari za jirani na ndoo yake. Nilipofika kwa kinyozi sauti ikaanza kukatika, "...na usisahau ku... mwa..." kisha ikaisha. Sijui nisisahau nini. Nimeiwaza siku nzima juu ya mita.

Jioni nilipokaribia kona ya kinyozi nikasikia mkwaruzo, kisha yeye, polepole, akiwa hajui bado kama nimeingia karibu. Alikuwa anasikiliza pikipiki zinazopita barabarani.

"Huyu siye," alikuwa anasema. "Huyu siye. Huyu ana mzigo. Huyu siye." Kisha, kabla sijasema lolote: "Huyu ndiye."

Nikamjibu papo hapo, asije akadhani namsikiliza kwa kuiba. "Ni mimi, Mama."

"Najua. Punguza mwendo, kuna watoto wanacheza mpira karibu na geti. Nawasikia."